Masharti ya Sera Katika Kukuza Nishati Jadidifu: Funzo Kutoka Pwani ya Mtwara

Mji wa Mtwara upo nyuzi 10 na robo hivi kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, jua la adhuhuri hupita utosini mwa wakazi wa kata ya Chikongola mara mbili kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari na tarehe 20 Oktoba. Siku hizo mlingoti uliosimama wima hauna kivuli wakati wa adhuhuri. Vipimo vya nchi nzima huonyesha kwamba kila mita mraba ya ardhi ya Tanzania hupokea kutoka kwenye jua wastani wa kilowati-saa 4 hadi 7 kwa siku. Juu ya hayo, pwani hiyo hupata pepo za kusi na za kaskazi kwa zamu, na bara yake imejaa mikorosho.

Hata hivyo, kwa miaka mingi taa za Mtwara ziliwashwa kwa injini za dizeli, na mafuta yake yaliletwa kutoka mbali. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: ikiwa jua lilikuwapo siku zote, kwa nini halikutumika? Sehemu ya jibu imo katika fizikia na ufundi, kwa kuwa mabamba ya kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme yalikuwa ghali mno hadi miaka ya karibuni. Lakini bei ya mabamba imeshuka sana tangu mwaka 2010, na bado nchi zenye jua linalolingana hazilingani katika kulitumia. Sehemu iliyobaki ya jibu imo katika sera, yaani sheria, kanuni, bei na mipango ambayo Serikali huiweka. Makala haya yanaeleza masharti ya sera ambayo, yakitimizwa, nishati jadidifu hustawi, na yakikosekana, hudumaa.

Maana ya nishati jadidifu

Nishati jadidifu ni ile ambayo maumbile huirudisha kwa kasi inayolingana na matumizi. Jua, upepo, maji ya mito, joto la ardhi na mabaki ya mimea yamo katika kundi hili. Dizeli, makaa ya mawe na gesi asilia hayamo, kwa sababu yalihitaji mamilioni ya miaka kufanyika.

Kuni na mkaa vipo katikati. Msitu ukikatwa kwa kiasi kisichozidi kukua kwake, kuni ni nishati jadidifu. Ukikatwa kupita kiasi hicho, kuni huwa ni mali inayofilisiwa. Mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo tangu mwaka 2000 imo ndani ya hifadhi ya bahari pamoja na Ghuba ya Mnazi, ni mfano mzuri wa mali ya namna hiyo. Neno “jadidifu” basi linategemea pia jinsi binadamu anavyotumia alichopewa.

Gesi iliyosubiri

Kabla ya kutazama jua, inafaa kutazama mali nyingine ya Mtwara. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Haikutumika. Ilibaki ardhini kwa zaidi ya miaka 20 huku injini za mji wa jirani zikiendelea kuunguza dizeli. Ni katika miaka ya 2006 na 2007 tu ndipo umeme wa gesi hiyo ulipoanza kupatikana Mtwara, kwa mitambo ambayo hatimaye ilifikia megawati 18. Bomba kubwa la kupeleka gesi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015.

Katika miaka hiyo yote gesi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mazingira yake. Mwaka 1982 hapakuwa na mnunuzi wa kutosha karibu, na uzalishaji wa umeme kwa ajili ya umma ulikuwa kazi ya shirika moja la umma, TANESCO. Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 1992 ilianza kufungua mlango kwa wazalishaji wengine. Sheria ya mwaka 2001 iliunda EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, nayo ikaanza kazi mwaka 2006. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ikaweka utaratibu wa leseni. Funzo lake ni hili: mali ya asili haiwi nishati ya kutumika mpaka apatikane mnunuzi, sheria na njia ya kuifikisha.

Nishati inayolipiwa siku ya kwanza

Nishati ya jua na ya upepo ina tabia moja inayoitenga na mafuta. Mwenye jenereta ya dizeli hununua injini kwa fedha kidogo, kisha hulipia mafuta kila siku. Jenereta ndogo huhitaji karibu theluthi moja hadi nusu ya lita ili kutoa uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja. Ikiwa lita inauzwa shilingi 2,700, mafuta peke yake hugharimu shilingi 900 hadi 1,350 kwa kila uniti. Mwenye mabamba ya jua hulipa karibu gharama zote siku ya kwanza, na baada ya hapo jua halimdai kitu.

Ichukuliwe, kwa mfano wa darasani, kwamba mtambo wa jua wa kilowati moja unagharimu shilingi 2,000,000. Ukipata mwanga sawa na saa tano za jua kali kwa siku, na moja ya tano ikipotea kwa sababu ya joto, vumbi, nyaya na betri, mtambo utatoa uniti 4 kwa siku, yaani uniti 1,460 kwa mwaka. Katika miaka 20 utatoa uniti 29,200. Fedha zikiwa ni za mwenyewe na hazina riba, kila uniti imegharimu shilingi 68 hivi.

Lakini watu wengi hukopa. Ikiwa mkopo ni wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 5, malipo ya kila mwaka ni shilingi 160,500 hivi, na uniti moja hugharimu shilingi 110. Riba ikiwa asilimia 18, malipo ya mwaka hufikia shilingi 373,600 hivi, na uniti moja hugharimu shilingi 256. Jua ni lile lile, bamba ni lile lile, paa ni lile lile la Chikongola. Bei imezidi mara mbili kwa sababu ya riba tu. Tena mfano huu haukuhesabu kubadilishwa kwa betri, ambayo haidumu miaka 20.

Benki hupandisha riba inapoona hatari. Hatari hiyo ni pamoja na mnunuzi anayechelewa kulipa, kanuni zinazobadilika, kodi isiyotabirika na shilingi inayoshuka thamani wakati deni ni la fedha za kigeni. Mwenye jenereta akiona mambo yameharibika huweza kuipakia kwenye gari na kuihamisha. Aliyejenga bwawa au kusimamisha minara ya upepo hawezi. Ndiyo maana nishati jadidifu huhitaji sera thabiti kuliko nishati ya mafuta.

Sharti la kwanza: mnunuzi na bei inayojulikana

Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria iliyompa mzalishaji wa umeme wa jua au upepo haki ya kuunganishwa kwenye gridi na kulipwa bei maalumu kwa miaka 20. Nchi hiyo haina jua la kulingana na la Mtwara, lakini kwa miaka kadhaa iliongoza dunia katika umeme wa jua. Kenya ilitangaza sera ya bei maalumu mwaka 2008, ikairekebisha mwaka 2010 na mwaka 2012. Mwaka 2021 ilitenganisha mambo: miradi midogo ya maji na ya mabaki ya mimea ibaki na bei maalumu, na miradi ya jua na upepo ipatikane kwa mnada, ambapo anayetaka bei ndogo ndiye anayeshinda.

Tanzania ilifuata njia yake. Kuanzia miaka ya 2008 na 2009 ulianza utaratibu wa wazalishaji wadogo, wenye uwezo wa kilowati 100 hadi megawati 10, kuiuzia TANESCO umeme kwa mkataba sanifu. Bei ilikokotolewa kwa kanuni ya gharama iliyoepukwa: TANESCO ilimlipa mzalishaji kadiri ambavyo yenyewe ingetumia kupata umeme huo kwa njia nyingine. Mwaka 2012 bei ya wastani kwenye gridi kuu ilikuwa shilingi 152.54 kwa uniti, na kwenye gridi ndogo zilizojitenga, ambako injini za dizeli ndizo zilizotumika, ilikuwa shilingi 480.50. Kwenye gridi kuu bei ilipanda kuwa asilimia 120 ya wastani katika miezi minne ya kiangazi, Agosti hadi Novemba, na kushuka kuwa asilimia 90 katika miezi minane iliyobaki. Sababu yake ni kwamba mabwawa hupungukiwa maji wakati wa kiangazi, na uniti moja ya wakati huo ina thamani zaidi.

Chini ya utaratibu huo mtambo wa maji wa Mwenga, wenye megawati 4, ulianza kazi wilayani Mufindi mwaka 2012, ukiiuzia TANESCO umeme na kuusambaza katika vijiji vya jirani. Lakini kanuni ya gharama iliyoepukwa ilikuwa na kasoro moja: haikutazama gharama halisi za kila aina ya nishati. Mahali ambapo umeme wa gridi unatokana na maji au gesi ya bei nafuu, gharama iliyoepukwa ni ndogo, na bei hiyo huenda isimtoshe mwenye mabamba ya jua. Kwa hiyo mwaka 2015 utaratibu ulibadilishwa: umeme wa maji na wa mabaki ya mimea ukawekewa bei kulingana na aina yake, na wa jua na upepo ukapelekwa kwenye ushindani wa zabuni.

Sharti la pili: kanuni zisizoyumba

Kenya iliweka kodi ya ongezeko la thamani kwenye vifaa vya jua mwaka 2013, ikaiondoa mwaka 2014, ikairudisha mwaka 2020, kisha ikaiondoa tena mwaka 2021. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake katika mapato ya Serikali. Lakini mfanyabiashara aliyeagiza shehena mwezi mmoja kabla ya kodi, na mshindani wake aliyeagiza mwezi mmoja baada yake, hawakuweza kuuza kwa bei moja.

Nchini Tanzania, miradi isiyofikia megawati moja iliondolewa sharti la leseni, na kanuni zilieleza haki za mwenye gridi ndogo iwapo gridi ya taifa itafika kijijini kwake. Hayo yalivutia wawekezaji vijijini na visiwani. Kisha mwaka 2020 Serikali iliagiza kwamba gridi ndogo za binafsi zitoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na mtumiaji mdogo wa TANESCO. Agizo hilo lilikuwa na haki ndani yake, kwa maana mwanakijiji asiye na kipato alikuwa akilipa mara nyingi zaidi ya mkazi wa mjini. Lakini shilingi 100 hazikuweza kulipa mtaji uliokwisha kuzikwa katika mabamba na betri. Serikali ikitaka bei iwe moja nchi nzima, lazima iseme tangu mwanzo nani atakayelipa tofauti: Hazina, mfuko wa nishati vijijini, au watumiaji wa mijini.

Sharti la tatu: nyaya zitangulie

Mashamba ya upepo ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, yana uwezo wa megawati 310. Minara yote ilikuwa imesimama mwaka 2017. Njia ya umeme mkubwa kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa tayari, na ni mwaka 2018 ndipo umeme ulipoanza kuingia kwenye gridi. Kwa kuwa njia hiyo ilikuwa jukumu la Serikali, wananchi walilazimika kulipia ucheleweshaji, ingawa upepo ulivuma siku zote hizo bure.

Mtwara na Lindi zinalijua jambo hili kwa namna nyingine, maana kwa muda mrefu mikoa hiyo ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Gridi ndogo haiwezi kupokea umeme mwingi wa jua kwa ghafla: wingu likipita, injini nyingine lazima iongeze kazi mara moja. Gridi inapounganishwa na sehemu nyingi za nchi, wingu la Mtwara hufidiwa na maji ya Rufiji, ambako mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilishwa kati ya mwaka 2024 na 2025. Nalo jua hufidia mabwawa wakati wa ukame kama ule ulioleta mgawo wa umeme mwaka 2006 na mwaka 2011.

Sharti la nne: umma ubebe hatari ambayo mtu binafsi hawezi

Joto la ardhi la Olkaria, nchini Kenya, lilianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Kazi ngumu katika nishati hiyo ni kuchimba kisima cha kina cha kilometa mbili au tatu bila uhakika wa kukuta mvuke. Mwaka 2008 Kenya iliunda kampuni ya umma ya kuendeleza joto la ardhi, ambayo huchimba visima kwa gharama ya Serikali kisha huuza mvuke kwa wazalishaji. Hatari ya kisima kikavu huchukuliwa na umma; kazi ya mtambo huachiwa mwenye ufundi na mtaji.

Kanuni hiyo inafaa hata kwa mambo madogo. Serikali inaweza kupima upepo wa pwani kwa miaka kadhaa na kutangaza matokeo kwa wote, badala ya kila mwekezaji kuanza upya. Inaweza kudhamini mikopo ili riba ishuke. Mfano wa mtambo wa kilowati moja ulionyesha kwamba kushusha riba kutoka asilimia 18 hadi 5 hupunguza bei kuliko hata kupata vifaa kwa nusu ya gharama: nusu ya shilingi 256 ni 128, ambayo bado ni zaidi ya 110.

Sharti la tano: ufundi, na sera zinazosemezana

Kifaa kibovu huua imani ya watu katika nishati mpya. Pwani hupeperusha chumvi inayokula skurubu, fremu na viungo vya nyaya, na betri iliyotunzwa vibaya hufa mapema. Viwango vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, pamoja na mafundi waliofunzwa katika vyuo vya VETA, ni sehemu ya sera ya nishati kama ilivyo bei.

Tena sera ya nishati haiwezi kusimama peke yake. Mtwara ndio mkoa unaoongoza nchini kwa korosho, na karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Ganda hilo lina mafuta makali na huwaka vizuri katika tanuri iliyotengenezwa kwa ajili yake. Likichomwa ovyo, moshi wake hudhuru. Mavuno huanza karibu na mwisho wa kiangazi, wakati umeme una thamani kubwa. Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa zikiwa ghafi, na ganda husafiri pamoja nazo ng’ambo. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vilikuja kufungwa. Hakuna bei ya umeme, hata iwe nzuri namna gani, itakayowasha tanuri la maganda mahali ambapo maganda hayapo. Uamuzi wa kubangua korosho nchini ni uamuzi wa viwanda na biashara, na papo hapo ni uamuzi wa nishati.

Faida ionekane mahali mali ilipo

Mwaka 2013 mpango wa kupeleka gesi Dar es Salaam ulizua mabishano makali Mtwara, yakafikia ghasia na vifo. Wananchi walitaka kujua gesi ya kwao ingewaletea nini. Wanaopanga mashamba ya jua na upepo hawana budi kukumbuka swali hilo, kwani mashamba hayo huhitaji ardhi, na ardhi ina wenyewe. Ada ya kuunganishiwa umeme ya shilingi 27,000 iliyowekwa katika miradi ya REA vijijini inaonyesha kwamba sera inaweza kumfikia mwenye kipato kidogo. Kanuni za mwaka 2018 zinazomwezesha mwenye mabamba kuingiza ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa katika ankara yake ni njia nyingine ya kumfanya mwananchi awe mzalishaji.

Kazi kwa darasa

1. Hakikisha kwa hesabu kwamba miezi minne ya asilimia 120 na miezi minane ya asilimia 90 huleta wastani wa asilimia 100. Kisha tafuta bei ya kiangazi na ya masika kwa wastani wa shilingi 152.54.

2. Rudia mfano wa mtambo wa kilowati moja kwa kuchukua saa nne za jua kali badala ya tano, mkopo ukiwa wa riba ya asilimia 5. Je, kupungua kwa jua kumepandisha bei kuliko kupanda kwa riba hadi asilimia 18?

3. Jadilini: katika mji wenye gesi asilia karibu, ni sababu zipi zinaweza kuifanya Serikali iendelee kukuza nishati ya jua, na ni nani anayepaswa kulipia tofauti ya gharama ikiwapo?